Mama anasahau na miguu inawaka moto: maswali yenu kuhusu vitamini na kumbukumbu za wazee

Meseji za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti tofauti: mzee wangu anasahau, je inaweza kuwa upungufu wa vitamini? Nimechukua sita nizijibu hapa. Kwa msionijua, mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya wazee miaka mingi, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu kabla sijayasoma. Majina ya walioandika sikuyaweka.

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari na anatumia metfomini kama miaka 12 sasa. Toka mwaka jana anarudia hadithi moja mara tatu nne, funguo anaweka halafu hajui kaziweka wapi, juzi kawasha jiko akatoka zake nje kukaa. Usiku analalamika miguu inawaka moto na vidole vina ganzi. Kaka zangu wanasema ni uzee tu tumuache. Tulimpima damu tukaambiwa wingi wa damu uko sawa, hana shida. Mimi moyo unakataa kabisa. Nifanye nini? (Binti wa mwisho)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na huo moyo wako usiunyamazishe.

Hebu angalia ulichoniandikia. Umeweka vitu vinne kwenye meseji moja, umri umepita 70, metfomini miaka 12, miguu inawaka na ganzi, halafu kusahau. Ukiviweka hivyo vinne mezani pamoja mtu wa afya anatakiwa afikirie vitamini B12 mapema sana. Sisemi ndo hiyo, maana kisukari chenyewe nacho kinaleta ganzi ya miguu, nasema ipimwe, na mpaka ipimwe hakuna mwenye haki ya kusema ni uzee.

B12 mwili wetu hauitengenezi na mimea haina, tunaipata kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Sasa watu wakisikia hivyo wanasema aa mama anakula nyama vizuri tu, haiwezi kuwa hiyo. Kula ni mwanzo tu wa safari. Ndani ya nyama B12 imeshikamana na protini, inahitaji asidi ya tumbo ije iibandue, ikishabanduka inapokelewa na protini nyingine maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, hiyo ndo inaisindikiza mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba na hapo ndo inavutwa kuingia kwenye damu. Kwa mzee kila kituo cha hiyo safari kinaweza kuwa na tatizo. Ukuta wa tumbo unasinyaa, asidi inapungua, na inakadiriwa watu 10 mpaka 30 katika kila 100 waliopita miaka 50 hawawezi kuichukua vizuri B12 iliyo ndani ya chakula hata wale vizuri namna gani. Kuna ambao kinga yao ya mwili inaishambulia ile protini ya kusindikiza. Kuna waliotolewa sehemu ya tumbo au utumbo. Kuna wanaokunywa dawa za kupunguza asidi, omeprazoli na ndugu zake, mwaka nenda rudi bila mtu kuuliza kama bado wanazihitaji. Na metfomini inaivuruga pale mwisho wa utumbo, pale pa kupokelea. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba upungufu wa B12 sasa uhesabiwe kama dhara la kawaida la metfomini, unaweza kumpata mpaka mtu 1 katika 10, na hatari inaongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyokwenda.

Kinachotuchelewesha ni akiba. Ini linatunza B12 ya miaka kadhaa. Mtu anaanza dawa leo, anaishi vizuri, akiba inamong'onyoka kimya kimya, dalili zinakuja baada ya miaka na kufikia hapo hakuna hata mmoja nyumbani anayefikiria kuunganisha na kidonge alichoanza zamani.

Sasa hilo la kuambiwa wingi wa damu uko sawa. Hapa ndo naomba ushike vizuri, na kaka zako uwasomee. Kupima wingi wa damu sio kupima B12. Mwaka 1988 daktari Lindenbaum na wenzake walichapisha Marekani habari za wagonjwa 141 waliokuwa na matatizo ya mishipa ya fahamu au ya akili kwa sababu ya upungufu wa B12, na 40 kati yao hawakuwa na upungufu wa damu wala chembe za damu zilizovimba. Zaidi ya robo! Kwa hiyo kipimo kilikuja kizuri na ubongo ulikuwa unaumia.

Kuumia kwenyewe kukoje? B12 ndo inasaidia kutunza ule utando unaozunguka mishipa ya fahamu kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Utando ukichakaa habari hazifiki sawasawa, ndo ganzi, ndo kuwaka, ndo mzee anakwambia nikikanyaga chini nahisi kama nakanyaga pamba. Na ubongo wenyewe unakuwa mzito, anasahau, anakasirika kwa vitu vidogo, ananuna, wengine wanaanza kuona watu ambao hawapo.

Nikupe la kwangu. Mama yangu mdogo alikuwa fundi cherehani, mikono yake ilikuwa inajua kitambaa kuliko macho. Akaanza kushindwa kuingiza uzi kwenye sindano, tukasema miwani. Akaanza kuuliza swali moja mara tatu, tukasema umri. Siku moja nimelala kwake, asubuhi niko mlangoni bafuni namsubiri amalize kunawa uso, kapaka sabuni, kafumba macho, na mwili wote ukaanza kuyumba kama mtu aliyesimama kwenye boti, mkono ukaruka ukadaka ukingo wa sinki. Akafungua macho akasimama imara kabisa, akaendelea kunawa kama hakijatokea kitu. Nikamuuliza mama hii imeanza lini, akasema mbona siku nyingi, na usiku taa zikizimwa natembea nimeshika ukuta. Yaani miguu yake ilikuwa haiambii tena ubongo iko wapi, macho ndo yalikuwa yanaziba pengo, akifumba tu anaanguka. Alikuwa amekunywa dawa za kupunguza asidi miaka 9 na mahali alipokuwa anatibiwa walishamwambia ni utu uzima. B12 yake ilisoma 96, wakati chini ya 200 tayari ni upungufu. Tukaanza sindano, mwezi wa pili wa sindano akaanza tena kuniulizia watoto kwa majina yao kila mmoja, nililia kwenye simu. Ganzi ya vidole lakini haijaondoka mpaka leo, kwa sababu tulichelewa, na mimi ni nesi.

Kwa hiyo mdogo wangu fanya hivi. Nenda na mama, beba dawa zake zote, omba kipimo cha B12 kwa jina. Chini ya 200 pikogramu kwa mililita ni upungufu, kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, hapo kama maabara inaweza waongeze kipimo cha asidi ya methilmaloniki au homosisteini, hivyo vinapanda B12 inapokosekana kwenye seli. Damu itolewe KABLA hamjaanza kumpa vidonge au sindano yoyote ya B12, maana mkishaanza namba inapanda na mtabaki hamjui alikuwa wapi. Metfomini msiisimamishe wenyewe, sukari ikipanda nayo inachanganya akili, daktari ndo ataamua. Na waombe siku hiyo hiyo waangalie tezi ya thairoidi, figo, chumvi za damu, kama sukari inashuka sana usiku, na masikio yake pia, kuna wazee wanaoonekana wamesahau kumbe hawakusikia toka mwanzo.

Ikionekana ni B12 tiba ipo na ni rahisi. Mwili unahitaji kama mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Kwa mtu mwenye dalili za mishipa kama mama mara nyingi wanaanza na sindano, Uingereza kwa mfano wanachoma miligramu 1 siku moja ndiyo siku moja hapana mpaka waone hakuna tena kinachoboreka, halafu kila miezi 2. Vidonge vya dozi kubwa, mikrogramu 1,000 kwa siku, navyo vinafanya kazi hata kwa wenye matatizo ya tumbo kwa sababu kama asilimia 1 inapenya yenyewe bila kusindikizwa. Damu inaanza kurekebika ndani ya wiki chache, mishipa ya fahamu ni miezi, wakati mwingine mwaka.

Na nikwambie ukweli wote usije ukaumia mbele ya safari. Kama chini ya upungufu kuna Alzheimer, ugonjwa wa ubongo ambao ndo unabeba asilimia 60 mpaka 70 ya dimenshia zote (dimenshia ni kupotea kwa kumbukumbu na akili), sindano haitauondoa. Itaondoa sehemu iliyoletwa na B12. Hata hiyo sehemu ni ya mama, anastahili kuipata. Kwa sasa jiko asiachwe nalo peke yake.

SWALI: Dada samahani, baba yetu mdogo anakunywa pombe kali kila siku na karibu wiki mbili hajala chakula cha maana, anatapika. Toka jana amechanganyikiwa hajui siku wala yuko wapi, anatembea miguu ameitanua anapepesuka, na macho yanachezacheza. Tunadhani hajalevuka tu. Kuna vitamini ya kumpa nyumbani?

JIBU: Huyu nilimjibu dakika ile ile, naliweka hapa kwa ajili ya mwingine. Msimpe kitu nyumbani, mpelekeni hospitali SASA HIVI.

Hii inafanana sana na upungufu mkali wa vitamini B1, thiamini. Daktari Wernicke wa Ujerumani aliieleza mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kwenda vibaya, kutembea kwa kuyumba. Wagonjwa wachache tu ndo wanaonyesha yote matatu, kwa hiyo usisubiri yatimie. Tofauti na B12, akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki mbili tatu tu, na pombe inazuia hata ile kidogo isiingie. Mkifika mwambieni wa mapokezi maneno haya: anakunywa sana, hajala, anatapika, tunaomba thiamini ya mshipa. Na kama watataka kumtundikia dripu ya sukari muwakumbushe kwa heshima thiamini itangulie au iende pamoja nayo, kwa sababu ubongo unatumia thiamini kuichoma hiyo sukari na sukari ikija peke yake inaweza kumaliza kidogo kilichobaki. (Sukari ikiwa imeshuka vibaya basi haisubiri, vyote viende pamoja.)

Akichelewa anaweza kubaki na kile kinachoitwa Korsakofu, habari mpya hazikai kichwani kabisa na pengo analijaza na hadithi ambazo hazikutokea. Familia zinagombana kwa hili, wanasema mzee amekuwa muongo. Hadanganyi, ubongo wake unaokota chochote ilimradi pasiwe wazi. Na jamani sio walevi tu, nimeiona kwa mgonjwa wa saratani aliyetapika wiki kadhaa, na kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo.

SWALI: Habari dada. Nataka kumnunulia babu vitamini za ubongo asipate dimenshia. Zipi ni nzuri? Naona matangazo mengi sana yanasema zinarudisha kumbukumbu. (Mjukuu)

JIBU: Nzuri mpendwa, na Mungu akubariki kwa kumfikiria babu.

Jibu langu linaanza na swali, babu amepungukiwa na nini? Kama kuna pengo tulizibe, hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kama hakuna pengo, kumwaga vitamini juu ya zilizopo ni habari nyingine na utafiti umeshaifuatilia sana.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, uliotoka mwaka 2010, wazee waliokuwa wameanza kusahau walipewa foliki asidi, B12 na B6 kwa miaka 2, ubongo wao ukapimwa kwa skani. Wa vitamini ubongo ulisinyaa kwa 0.76% kwa mwaka, wa vidonge bandia visivyo na dawa ndani 1.08%. Ni tofauti kubwa hiyo, karibu theluthi. Lakini faida ilikaa zaidi kwa waliokuwa na homosisteini ya juu, yaani wale ambao vitamini B zao hazikuwa zinatosha kufanya kazi. Halafu mwaka 2014 wakaunganisha majaribio 11 yenye watu kama 22,000, bila kuchagua nani ana upungufu nani hana, na kwa jumla vitamini B hazikuchelewesha kuzeeka kwa akili. Ukizisoma hizo mbili pamoja hazipingani, zinakwambia kitu kile kile: aliyepungukiwa ndo anayefaidika.

Vitamini za mchanganyiko za kidonge kimoja kwa siku zina habari za kutia moyo kidogo, majaribio ya COSMOS ya Marekani kwa watu wa miaka 60 na kuendelea yalionyesha kumbukumbu inakuwa bora kiasi, watafiti wakakisia ni sawa na kuchelewesha uzee wa akili kwa kama miaka 2. Hapo hatuzungumzii kuzuia dimenshia, hilo halikuthibitishwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwongozo wake wa mwaka 2019 unasema vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kwa lengo la kupunguza hatari ya dimenshia. Mimi kidonge cha kawaida cha mchanganyiko simkatazi mzee anayekula kidogo, ila yale ya bei ya juu yanayouzwa kwa kuwatisha watu yananiumiza sana roho, kwa sababu najua familia zinaacha kununua dawa ya presha ili zinunue hiyo.

Vitamini E dozi kubwa msimpe bila daktari, hasa kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaongeza kutoka damu.

Hela uliyotenga ipeleke kwanza kwenye vipimo: presha, sukari, mafuta ya damu, macho, masikio. Kamisheni ya Lancet, jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet, mwaka 2024 ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanabeba kama asilimia 45 ya dimenshia duniani, na humo wameweka usikivu, uoni, presha, sigara, upweke, kutofanya mazoezi. Upweke, mjukuu! Wewe kwenda kukaa na babu jioni upo kwenye hiyo hesabu.

SWALI: Bibi alipungukiwa damu mwaka jana, duka la dawa wakatupa foliki asidi, damu ikapanda, tumeendelea nayo mpaka leo. Lakini sasa anasahau na anatembea vibaya. Inahusiana?

JIBU: Inaweza kuhusiana sana na naomba asiendelee hivi hivi. Foleti (ndo vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya vidonge) na B12 zinafanya kazi kwa kushirikiana kutengeneza damu. Ikikosekana B12 damu inapungua, ukimpa foliki asidi nyingi damu inaweza kupanda na kila mtu akafurahi, lakini mishipa ya fahamu haiponi kwa foliki asidi, inaendelea kuharibika chini kwa chini bila ile kengele ya upungufu wa damu. Ndo sababu watu wazima wamewekewa ukomo wa mikrogramu 1,000 za foliki asidi kwa siku bila usimamizi, na kuna vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, ambayo ni mara tano ya huo ukomo. Apimwe B12 wiki hii. Akikutwa nayo ni pungufu B12 ianze kwanza, foleti nayo ipimwe na itarudi kama kweli anaihitaji.

SWALI: Dada mambo. Tulisoma kwamba vitamini D inarudisha kumbukumbu, na baba (78) hatoki nje kabisa, tukaanza kumpa yuniti 50,000 kila siku, huu mwezi wa pili unaisha. Mwanzo tuliona nafuu. Sasa ana kiu sana, anakojoa mara kwa mara, choo kigumu, na amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Tuongeze dozi?

JIBU: Hapana, hapana, simamisheni leo na mpelekeni leo akapimwe kalisiamu ya damu na figo. Muwaonyeshe kopo.

Hiyo dozi ya 50,000 huwa inaandikwa mara moja kwa WIKI, kwa muda maalumu, kwa aliyepimwa akakutwa na upungufu. Ninyi mmempa mara saba yake. Vitamini D ikizidi inavuta kalisiamu nyingi kwenye damu, na kalisiamu ikipanda inaleta kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Dalili zote ulizoandika. Najua mlifanya kwa upendo, nani angetegemea vitamini imfanye mzee achanganyikiwe, msilaumiane njiani, ila msilale nalo.

Habari mliyosoma ina mzizi wa kweli. Mwaka 2014 watafiti walifuatilia wazee 1,658 kwa wastani wa miaka 5.6, waliokuwa na upungufu mkali wa vitamini D walipata dimenshia zaidi ya mara mbili ya waliokuwa nayo ya kutosha. Lakini fikiria, mtu ambaye akili imeanza kuchoka anaacha kutoka nje, jua halimpati, vitamini D inashuka. Sasa kipi kimeleta kipi? Ndo maana wakafanya majaribio ya kuwapa watu, VITAL ya Marekani ilitoa yuniti 2,000 kila siku na kwa jumla kumbukumbu hazikutofautiana na za waliopewa kidonge bandia.

Baba bado anaihitaji kwa ajili ya mifupa na misuli, ngozi ya mzee inatengeneza vitamini D kidogo, utafiti wa mwaka 1985 ulionyesha uwezo huo unapungua zaidi ya nusu ukilinganisha watoto na vijana upande mmoja na wazee wa miaka 77 mpaka 82 upande wa pili. Kiwango cha mtu aliyepita 70 ni yuniti 800 kwa siku na ukomo bila daktari ni 4,000. Akishatulia na daktari akaruhusu, hapo ndo mtarudi kwenye hizo ndogo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 69. Nakutana na wanafunzi wangu wa zamani, sura naijua, jina haliji, linakuja nikishafika nyumbani. Nyama, mayai na maziwa niliacha miaka 20 iliyopita. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa nyonga. Naogopa nisije nikawa kama marehemu dada yangu, ambaye mwisho hakunijua. Niambie ukweli.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Pole sana kwa dada.

Jina linalokataa sasa hivi halafu linakuja lenyewe jioni ni kitu cha kawaida cha umri, halikupotea, njia ya kulifikia imekuwa ndefu. Kinachotutia wasiwasi kliniki ni tofauti kidogo, mtu anapotea njia anayoipita kila siku, anashindwa hesabu za hela alizozimudu maisha yote, anasahau kwamba mazungumzo yalifanyika kabisa hata ukimkumbusha, na mara nyingi yeye mwenyewe haoni, wanaoona ni wa nyumbani. Wewe umeniandikia barua iliyonyooka na unajua ni nini kinachokusumbua. Hiyo sio picha ya dada.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ya ile miaka 20. Bila nyama, mayai wala maziwa, chakula chako hakina B12 ya uhakika kabisa, na akiba ya ini haifiki miaka 20. Sikuambii urudie nyama, huo ni uamuzi wako na unaweza kuishi nao vizuri tu, ila B12 ya kidonge kwako ni ya lazima kila siku mpaka mwisho wa maisha, na kabla hujameza cha kwanza katoe damu.

Na haiwezi kusubiri mpaka baada ya upasuaji. Kuna gesi inayotumika kwenye nusukaputi inaitwa naitrasi oksidi, inaiua B12 iliyopo mwilini isifanye kazi. Mwenye akiba ya kutosha hata hatambui. Ambaye alikuwa amebakiwa na matone anaweza kuingia chumba cha upasuaji akitembea na fimbo na wiki chache baadaye miguu ikafa ganzi na akili ikavurugika, watu wakasema operesheni ilimharibu. Mwambie daktari wa usingizi mapema, sili vitu vya wanyama miaka 20, naomba B12 yangu ijulikane kabla ya siku yenyewe. Wana dawa nyingine za kutumia na wanaweza kukuchoma sindano kwanza.

Na unijibu hili mwalimu, ukinawa uso umefumba macho, unasimama imara au unatafuta pa kushika? Kama unashika, usisubiri miadi ya mwezi ujao, nenda kesho. Majibu yakitoka niandikie namba.